Soksi Kwenye Kabati la Sindano

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wote walielekea nyumbani isipokuwa Kiherehere. Yeye alikwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ya mama yake mdogo, lakini ungemsikia anavyolitamka neno hilo, "naenda kazini," ungedhani ana mshahara kule na kiti cha kuzunguka.

Jina hilo alipewa na mama mdogo tangu alipoanza kutambaa, kwa sababu hakuacha sufuria bila kuifunua wala mlango bila kuusukuma. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na cheo juu: kiranja wa usafi. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa darasa akikagua kucha, kola na soksi. Hakumsamehe mtu. Hata Redio, jirani yake wa nyumbani na wa dawati, aliyeitwa hivyo kwa kutangaza habari kabla hazijatokea, aliwahi kurudishwa kunawa shingo mara mbili asubuhi moja.

Mama yake mzazi alifanya kazi mji mwingine, hivyo Kiherehere aliishi na mama mdogo, na baada ya masomo alimsubiri karakanani ili warudi pamoja. Karakana hiyo ilikuwa nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha kufulia mashuka na ukuta wa maegesho ya magari. Kwa nje ungesema ni stoo ya vitanda vibovu. Kumbe ndani zilitengenezwa sindano ambazo hata wewe unayezikimbia sindano usingezikimbia.

Zilikuwa sindano ndogo mno, nyingi kwa pamoja, zimejipanga juu ya kibandiko kisichozidi ukucha wa dole gumba. Ukikibandika mkononi, huhisi zaidi ya ulimi wa paka. Tena sindano zenyewe si za chuma. Ni dawa iliyochanganywa na sukari maalumu ikaganda. Zikishaingia kwenye ngozi huyeyuka, dawa ikabaki mwilini.

"Mamdogo, mnazichongaje?" Kiherehere aliwahi kuuliza, pua yake imebandikwa kwenye kioo cha chumba cha kazi.

"Hatuchongi, tunamimina," mama mdogo alimjibu. "Kuna bamba la chuma lenye miiba midogo. Tunalimwagia mpira laini. Mpira ukiganda, tunaubandua, unabaki na vishimo vyenye umbo la miiba ile ile. Hiyo sasa ni kalibu yetu. Ndani ya vishimo ndimo tunamotia dawa."

"Rahisi hivyo?"

"Rahisi ukiwa umekaa upande huo wa kioo! Kishimo ni chembamba, na hewa imejikalia ndani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Ukimimina tu, dawa inabaki juu, na sindano inatoka bila ncha. Kwa hiyo tunaweka kalibu kwenye mtungi, pampu inavuta hewa, mpangaji anatoka apende asipende, dawa inashuka mpaka chini kabisa. Kisha zinakwenda kukauka kwenye lile kabati."

Kabati lenyewe lilisimama kwenye ukumbi mdogo kati ya chumba cha kubadilishia nguo na chumba cha kazi. Lilikuwa la kioo, lenye trei moja juu ya nyingine, na kifeni kidogo kikivuma. Halikuwa na moto. Chini yake kulikuwa na bakuli la shanga za rangi ya chungwa, na kazi ya shanga hizo ilikuwa kunyonya unyevu wote uliomo ndani. Zikishiba maji hugeuka kijani.

"Kabati lile lina kiu," mama mdogo alisema. "Ukilia mbele yake linakunywa machozi."

Alisema kwa utani. Laiti angejua neno hilo lingekwenda kukaa wapi!

Mbele ya ukumbi ule kulipigwa mstari wa njano sakafuni. Asiyevaa koti jeupe, kofia ya nywele na mifuko ya viatu haruhusiwi kuuvuka. Mwenye mstari alikuwa mkaguzi wa karakana, mtu mrefu mwenye macho mekundu kwa kuchungulia vioo kutwa nzima. Wote walimwita Mzee Hadubini. Siku ya kwanza Kiherehere alipofika pale, Mzee Hadubini alimsalimia mama mdogo, akamtazama mtoto, kisha akaukanyaga mstari kwa ncha ya kiatu.

"Mjukuu wangu, benchi lile ni lako. Mstari huu ni wangu. Na wewe mama," akamgeukia mama mdogo, "nimekubali kwa sababu najua huna pa kumwacha. Ila mtoto akivuka hapa, mtatoka wote wawili, naye hatarudi na wewe hutarudi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee," mama mdogo alijibu, na mkono aliomshikia Kiherehere ukabana kidogo.

*

Siku ambayo mambo yaliharibika, mvua ilinyesha masomo yakikaribia kwisha. Redio alidai kwamba kiranja wa usafi hawezi kuruka mfereji wa nje ya geti. Kiherehere akaruka. Miguu ilifika ng'ambo, lakini ng'ambo nayo ilikuwa dimbwi.

Alifika karakanani viatu vikilia chwaa-chwaa. Akasuuza soksi zake kwenye bomba la nje zikawa nyeupe tena, akazikamua, akakaa nazo benchini akizitazama kama mtu anayetazama wagonjwa. Kesho yake mwalimu mkuu mwenyewe angepita madarasani kukagua usafi, na jozi nyingine ilikuwa na tundu la kutolea kisigino. Kiranja wa usafi na soksi mbichi! Redio angetangaza mpaka darasa la kwanza.

Mama mdogo alikuwa ndani ya chumba cha kazi, mgongo umeelekea kioo, akimimina dawa kwenye kalibu. Mzee Hadubini alikuwa chumbani kwake. Kabati lilikuwa pale pale, hatua chache ng'ambo ya mstari, likivuma taratibu. Lina kiu. Linakunywa machozi.

Kiherehere alivua viatu ili asichafue sakafu, maana alikuwa mtu wa usafi, akavuka mstari. Alifungua mlango wa kabati, akatandaza soksi nyuma ya trei ya chini kabisa, akafunga, akarudi kukaa. Hakuna aliyegeuka.

Alizitoa wakati mama mdogo anavua koti lake jeupe ili waondoke. Hazikuwa zimekauka kabisa, lakini zilikuwa zimeacha kuchuruzika, na pasi ingemaliza kazi. Jambo moja tu alilitambua alipofunga kabati: shanga zilikuwa za kijani kama majani ya mchicha. Aliona zimependeza, akaenda zake.

Ukaguzi wa mwalimu mkuu ulipita salama. Soksi zilisifiwa.

*

Alasiri ya siku hiyo ya sifa, Kiherehere alikuta karakana ina shughuli kuliko kawaida. Vibandiko vilikuwa vimebanduliwa kwenye kalibu na kufungwa kimoja kimoja kwenye vipakiti vya foili, na vipakiti vimejazwa kwenye maboksi mezani. Vilikuwa vya chanjo ya surua. Kesho yake vingepelekwa kliniki ya watoto, ambako akina mama walikwisha kuitwa.

"Lakini zile shanga zinanisumbua, Mzee," mama mdogo alikuwa akisema. "Nimezikuta kijani asubuhi, na muda wake wa kubadilishwa haujafika. Nimeweka nyingine. Unyevu umetoka wapi?"

Benchini, mikono ya Kiherehere iliacha kucheza na kamba ya begi.

"Pengine mvua ya jana," Mzee Hadubini alisema. "Tutajua kwenye nta."

Kiherehere alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Mzee alichukua kibandiko, akakikandamiza juu ya karatasi nyembamba za nta zilizopangwa moja juu ya nyingine kama ngozi ya mtu, akakitoa, akaiweka nta chini ya hadubini. Kama sindano ni ngumu, nta hutoboka. Alijaribu vichache tu, kwa sababu kibandiko kilichokwisha kujaribiwa hakimfai tena mtoto yeyote, na vyote alikuwa amevichagua kutoka trei za juu, zile zilizo karibu na mkono.

"Matundu safi," alitangaza. "Yote. Hongera, mama."

Mama mdogo alipiga makofi, akacheka, akazunguka mara moja na koti lake jeupe. Kiherehere alijaribu kucheka naye, mdomo ukakataa.

"Mamdogo," aliuliza, "unyevu ukiingia kwenye kabati, sindano zinakuwaje?"

"Zinakuwa kama chumvi wakati wa mvua. Kwa macho unaziona ziko sawa. Ukizikandamiza, zinalala."

"Zikilala?"

"Dawa haiingii. Mtoto anabandikwa, mama yake anaandikiwa kwamba mwanawe amechanjwa, anarudi nyumbani na amani moyoni. Halafu siku surua inapopita mtaani kwao, inamkuta mtoto hana kinga, na hakuna mtu anayejua." Mama mdogo alimgusa shavu. "Lakini zimefaulu! Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

*

Redio alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yao akimenya muwa. Kiherehere alikaa kando yake bila hata kukagua mikono yake, na hapo Redio akajua kuna jambo.

"Sema. Umefiwa?"

"Tuseme kuna mtu," Kiherehere alianza, "ameweka kitu mahali."

"Wewe."

"Nimesema tuseme kuna mtu!"

"Haya, mtu. Ameweka nini?"

Alimsimulia yote kwa sauti ya chini. Redio alicheka alipofika kwenye soksi, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Si zimejaribiwa? Zimefaulu?"

"Za trei za juu. Soksi zilikuwa chini."

"Mwalimu akisahihisha maswali machache akakupa alama zote, unamwambia, 'Mwalimu, kuna lingine nimekosa hukuliona'? Nyamaza, dada. Tena ukisema, mama mdogo wako atafukuzwa. Si ulisema yule mzee aliapa?"

"Aliapa."

"Basi. Umjali mama mdogo wako au watoto usiowajua?"

Hilo ndilo swali lililomkaa Kiherehere kama mfupa kooni. Wakati wa chakula cha jioni mama mdogo aliongea peke yake kwa wawili: kliniki itajaa, atavaa kofia mpya, pengine watampandisha cheo awe anafundisha wengine kumimina. Kiherehere alisogeza chakula kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Kila akiinua macho alimwona mama mdogo anafurahi, na kila akiinamisha aliona watoto wamepangwa kwenye benchi la kliniki, mikono wazi, wakibandikwa kitu kisichofanya kitu.

Usingizi wa usiku huo ulikuwa wa vipande vipande.

Asubuhi mama mdogo alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe, akiimba wimbo ambao maneno yake hakuyajua. Kiherehere alisimama mlangoni amevaa sare, begi mgongoni.

"Mamdogo, nikikwambia kitu utanipiga?"

"Inategemea kitu chenyewe. Umevunja kile kikombe cha maua?"

"Hapana."

"Basi hakuna kibaya kuliko hicho. Sema."

"Unyevu wa kwenye kabati ulikuwa wa soksi zangu."

Pasi ilisimama. Mama mdogo alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Kiherehere alisema mengine yote haraka haraka, mfereji, mwalimu mkuu, trei ya chini, shanga za kijani, machozi yakimdondoka juu ya kola ambayo kwa kawaida asingeruhusu hata vumbi liiguse. Harufu ya nguo inayoungua ilijaa chumbani kabla mama mdogo hajainua pasi. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na alama ya kahawia.

"Nani mwingine anajua?"

"Redio."

"Yaani mtaa mzima." Lakini hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kiherehere aliwahi kumwona mama mdogo akikasirika, akiumwa, akilia msibani. Hakuwahi kumwona akiogopa. Alimwona sasa.

"Mzee alijaribu," mama mdogo alisema, akiongea na sakafu. "Zimefaulu."

"Ndiyo, Mamdogo."

"Zimefaulu kabisa, nimeona kwa macho yangu."

Nje mtu alifagia uwanja, shwaa, shwaa, akaacha. Mtoto akaelewa kwamba swali alilouliza Redio kwenye ngazi sasa lilikuwa limekaa kitandani pale, na mtu mzima naye lilimtesa.

"Za trei za juu," mama mdogo alisema hatimaye. Akasimama, akalivaa koti na alama yake. "Vaa viatu. Leo shule itakusubiri."

*

Walimkuta Mzee Hadubini akifunga maboksi kwa utepe. Gari la kliniki lilikuwa tayari limeegeshwa nje, dereva anafuta kioo.

"Shikamoo, Mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba. Mbona mtoto hayuko shule?"

Mama mdogo alimsukuma Kiherehere mbele polepole. "Ana maneno yake. Mimi yangu nitayasema baadaye."

Magoti yalimtetemeka, lakini alisema. Alisimama upande wake wa mstari wa njano, akasema jinsi alivyouvuka. Mzee Hadubini hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliuliza kama daktari: Trei ipi? Zilikuwa zimelowa kiasi gani? Zilikaa muda gani?

"Tangu nilipofika mpaka tulipoondoka, Mzee."

"Na vibandiko vya trei ya chini viko boksi gani?" alimuuliza mama mdogo.

"Vimechanganyika. Niliviweka vyote pamoja wakati wa kufunga."

Mzee alimwita dereva azime gari. Alikata utepe wa boksi la kwanza, akachukua pakiti, akaipasua, akakandamiza kibandiko kwenye nta. Akainama juu ya hadubini.

"Matundu," alisema.

Ya pili. "Matundu."

Ya tatu, ya nne. Matundu. Kiherehere alihisi joto likimpanda usoni. Huenda hakikuharibika kitu. Huenda amemharibia mama mdogo kazi yake bure, kwa kiherehere chake, kama kawaida yake. Alimtazama mama mdogo. Mama mdogo aliutazama mstari.

Mzee alipasua pakiti nyingine. Akakandamiza. Akainama. Aligeuza kitasa cha hadubini mbele, akakirudisha nyuma, akavuta pumzi.

"Njoo, mjukuu. Vaa koti, kofia na mifuko ya viatu, kisha uvuke."

Koti lilimfika vifundoni. Aliinama kwenye kioo. Nta ilikuwa nzima, haina hata tundu moja. Kisha Mzee akakiweka kibandiko chenyewe chini ya kioo, na Kiherehere akaziona sindano: safu kwa safu, zimelala ubavu kama nyasi baada ya mafuriko.

"Hiki nacho kilikuwa kinakwenda kumlinda mtoto wa mtu," Mzee alisema.

Aliendelea kupasua. Zilizolala hazikuwa nyingi, lakini zilikuwamo, na kwa nje pakiti zote zilifanana kama mapacha. Hakukuwa na namna ya kuzitenga. Maboksi yote yalipelekwa kuharibiwa. Mzee Hadubini aliinua simu akaiambia kliniki kwamba akina mama warudi nyumbani, chanjo itachelewa wiki moja, na kosa ni la karakana. Baada ya hapo alikaa, akavua miwani, akasugua macho yake mekundu.

Mama mdogo alikuwa amekwisha kuvua koti na kulikunja. "Nilimleta mimi, Mzee. Habari ya mstari uliniambia mwenyewe. Sina la kujitetea."

"Nilikwambia," Mzee alikubali. "Mtoto hatarudi kukaa hapa. Hilo halina mjadala. Mama wa chumba cha mashuka namfahamu, ana meza na ana jicho kali, mtoto atakaa kule. Na wewe utapewa onyo, maana kabati lilikuwa chini yako na hukuliangalia."

"Na kazi?"

"Nikikufukuza leo, kesho fundi mwingine akikosea atafanya nini? Atakumbuka kilichompata mtu aliyekuja kusema. Atafunga boksi, atanyamaza, na mimi nitapitisha maboksi ya kunyamaza mpaka nizeeke. Vaa koti lako. Tuna kalibu za kujaza." Alilitazama koti lilipofunguliwa. "Na hii alama ya pasi ni ya nini?"

"Ni ya kusikia habari, Mzee."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mtu alicheka.

*

Kazi ilianza upya. Kalibu zilioshwa, dawa mpya ikachanganywa, pampu ikawafukuza tena wapangaji wake. Kabati lilipata kufuli, na Mzee Hadubini aliweka utaratibu mpya: kila trei itoe kibandiko cha kujaribiwa, ya juu, ya kati na ya chini. "Mkono wangu ulikuwa mvivu wa kuinama," alikiri, na mama mdogo alijifanya hakusikia.

Ulikuwa wakati mgumu nyumbani. Mama mdogo hakumpiga Kiherehere, lakini hakumtania pia, na kukosa utani katika nyumba ile kulikuwa kama kukosa taa. Redio alimwuliza kama bado wanakula pamoja. "Tunakula," Kiherehere alijibu, "ila unasikia vijiko."

Siku ya kliniki iliangukia siku ya mapumziko, na mama mdogo akamwambia ajitayarishe. Hakumweleza kwa nini.

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Akina mama walikuwa na watoto mgongoni, magotini, wengine wakiwanyonyesha, na walikuwa na maneno.

"Wiki iliyopita nimeomba ruhusa kazini nikaja hapa bure!" mmoja alisema kwa sauti, akimbembeleza mtoto wa kike mwenye mashavu ya kujaa. "Nimepanda magari mawili, naambiwa nirudi. Leo mkitufanya hivyo tena hamtaniona."

Kiherehere alitamani sakafu ipasuke. Mama mdogo alimwangalia tu: hukimbii. Basi akasogea mpaka mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyewarudisha. Niliharibu zile sindano kwa ujinga. Naomba unisamehe."

Yule mama alimpima kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Mtoto mdogo hivi? Nani amekuambia uje kusema mbele ya watu?"

"Hakuna. Ila ni kweli."

"Ni kweli," alisema Mzee Hadubini nyuma yake, akiweka boksi mezani. "Wiki iliyopita mama ulikuja bure ili leo usije bure. Zile zingebandikwa, zisingemsaidia mwanao kitu, na sisi sote tungekwenda kulala tukijiona wema. Mimi nilizipima nikazipitisha."

Mama yule aliguna. Alikaa akifikiri, akamvuta mtoto wake karibu. Kisha akamnyoosha mkono. "Haya. Bandikeni, kabla sijabadilisha mawazo."

Mama mdogo alipangusa mkono ule mnene, akakiweka kibandiko, akakikandamiza kwa dole gumba na kuhesabu kimyakimya. Mtoto alijiandaa kulia. Alivuta pumzi, akakunja uso, akangoja maumivu. Hayakuja. Akabaki ameduwaa, mdomo wazi, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, na benchi zima likaangua kicheko.

Wakati watu wakiendelea kupita, Mzee Hadubini alikaa kando ya Kiherehere kupumzisha mgongo.

"Nikuambie kitu, mjukuu. Kile kioo changu kinaona ncha ambayo jicho lako haliioni. Nta inajua iliyo ngumu na iliyo laini. Shanga zinajua maji. Vyombo vyote hivyo nilikuwa navyo, na sindano mbovu zilikwisha kupita. Kilichozizuia ni mdomo wako. Kazi ya dawa hutegemea mtu wa kusema 'mimi nimekosea' kabla gari halijaondoka. Kukosea kila mtu atakosea, hata mimi na mgongo wangu. Ila ukikosea, sema mapema, na useme kwa yule anayeweza kurekebisha, hata kama miguu inatetemeka."

"Ilitetemeka, Mzee."

"Niliiona. Ndiyo maana sikupaza sauti."

Mama mdogo aligeuka kutoka mezani, glavu mikononi, jasho kwenye paji la uso. Alimtazama Kiherehere kwa muda, kisha tabasamu lake la zamani likachungulia upande mmoja wa mdomo.

"Wewe mwenye kiherehere," aliita, "umekaa hapo kama bibi harusi? Njoo uwapange hawa watoto mstari, anayefuata anifikie. Na usianze kuwakagua kucha!"

Kiherehere alisimama. Alikwenda kwenye benchi, akamsalimia mama wa kwanza, akamwomba mtoto ili ampeleke kwa mama mdogo.